Kilichokuwemo Ndani ya Nasra

Nyumbani kwa Bwana Yaqdhan, kule Hail, Maskati, mlikuwa na meli kumi na moja, na hakuna hata moja iliyoruhusiwa kuguswa na kitambaa. Zilifutwa vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu, kutoka omo ya mbele kwenda tezi ya nyuma, kamwe si kinyume chake, kwa sababu meli hupigwa na upepo kutoka mbele. Dativa alipofika kutoka Muleba kufanya kazi za nyumbani, mwaka wa tisini na tisa, alifundishwa jambo hilo kabla hajaonyeshwa chumba chake cha kulala. Alilikubali. Wakala alikuwa amemwambia kwamba kila nyumba ya Maskati ina wazimu wake, na yeye akashukuru kwamba wazimu wa nyumba hii haupigi kelele.

Bwana Yaqdhan alizaliwa Unguja, akawa fundi wa mitambo ya meli kwa miaka ishirini na sita, akastaafu. Wiki ya pili ya kustaafu alianza kuziunda upya meli zote alizozifanyia kazi, kwa plastiki, sentimita moja kwa kila mita. Sheria yake ilikuwa moja: hatii kitu ambacho hakikuwepo, wala haachi kilichokuwepo. Kama reli ya ubavuni ilipinda Karachi mwaka wa themanini na moja, basi kwenye plastiki nayo imepinda, tena kwa upande uleule. Aliwahi kukaa siku nane akipaka kutu. Rangi mpya aliipaka nusu saa, kisha siku nane akaichakaza, na Bi Mahbuba, mkewe, akawaambia majirani kwamba mumewe anafanya utafiti. Mnyororo wa nanga wa meli ya saba ulikuwa mkufu wa fedha wa Bi Mahbuba mwenyewe. Aliutafuta miezi miwili, akaukuta umeshapakwa rangi nyeusi.

Meli ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Iliitwa Nasra, na ile ya kweli ilibeba simenti na mbuzi mpaka ilipouzwa ikakatwa vyuma. Bwana Yaqdhan alikuwa ameijenga miaka mitano. Ilikaa peke yake juu ya meza, imeegemezwa kwenye magogo mawili madogo, omo ikitazama mlango, kwa sababu meli hutazama njia ya kutokea. Na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuja Bwana Msellem kuitazama.

Bwana Msellem naye alifanya kazi kwenye Nasra, lakini juu, msaidizi wa nahodha. Watu wa juu na watu wa chini hawajawahi kupatana kwenye meli yoyote, na hawa wawili walistaafu na ugomvi wao mzimamzima. Bwana Msellem aliisifu dohani, akasifu rangi, akanywa kahawa, akala halua, kisha akauliza swali lilelile.

"Na ndani umetia nini, Yaqdhan? Magazeti?"

"Nimetia kilichokuwemo."

"Hebu fungua tuone."

"Meli haifunguliwi."

"Basi magazeti."

Dativa, akiwa amesimama na birika, alimwonea huruma bwana wake, lakini moyoni alikuwa upande wa Bwana Msellem. Ubavu ulikwishafungwa kabla yeye hajafika nchini. Ni nani mwenye akili timamu anayetengeneza ndani ya kitu kisha akakiziba kwa gundi pande zote, na asimwonyeshe hata mkewe? Magazeti yalikuwa jibu la heshima.

Mwaka ule, 2002, Dativa alikuwa na jambo moja tu. Binti yake, Kokugonza, alikuwa anapata kipaimara Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Komunyo ya kwanza ilimpita akiwa Hail anapanga meli. Alitumiwa picha, na katika picha mtoto hakucheka. Safari hii likizo ilikuwa imekubaliwa, ndege ilikuwa Jumanne, na kwenye kalenda ya jikoni Bi Mahbuba alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "Dativa safari." Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye droo ya meza ya Nasra, chini ya brashi na chupa za rangi. Kila alipofuta vumbi aliitazama ile droo kama mtu anavyotazama mlango wa chumba alichomlaza mtoto.

Alhamisi kabla ya hiyo Jumanne, magharibi, Bi Mahbuba alimkabidhi chetezo. Nyumba ile ilifukizwa udi kila kuamkia Ijumaa, chumba hadi chumba, na chumba cha meli kilikuwa na kanuni yake: unapita, husimami. Dativa alikuwa amepita bila kusimama kwa miaka mitatu. Amefika katikati ya chumba, simu ikalia ukumbini.

"Dativa! Ya kwenu!" aliita Bi Mahbuba.

Simu ya kwenu haisubiri. Inakatika kwa sababu zake, wala hairudi. Dativa aliweka chetezo kwenye kitu cha karibu, nacho kilikuwa meza ya Nasra, nyuma kabisa, pale ubavu unapobetuka nje kuelekea tezi. Akakimbia.

Alikuwa Kokugonza, kwa simu ya mkononi ya mjomba wake Godson.

"Mama, gauni limepatikana. Unakuja kweli au kama ile nyingine?"

"Nakuja kweli. Jumanne napanda ndege."

"Apa."

"Huwezi kuapa kwenye simu ya mjomba wako, salio linakwisha."

"Basi apa haraka."

Akaapa. Simu ikakatika. Akabaki amesimama na mkono wa simu sikioni, akitabasamu peke yake mbele ya ukuta, muda ambao baadaye alishindwa kuukadiria. Kilichomgutua ni pua. Harufu ya udi ilikuwa imechanganyika na ya ndoo ya plastiki iliyosahaulika karibu na jiko.

"Udi huu wa safari hii si mzuri," alisema Bi Mahbuba kutoka chumbani kwake. "Ntamrejeshea aloniuzia."

Dativa aliingia chumba cha meli, akaona. Makaa yalikuwa yamefanya kazi yao kwa utulivu. Kwenye ubavu wa Nasra, upande wa kulia, palikuwa na tundu la mviringo, pana kama mdomo wa chetezo, na kingo zake zimekunjamana kama maziwa yaliyoganda juu ya chai. Aliondoa chetezo. Akaomba Mungu, kwa Kihaya, kwa sababu ya haraka. Kisha, bila kujua anatafuta nini, akachukua tochi ya Bwana Yaqdhan akamulika ndani.

Hapakuwa na magazeti.

Kulikuwa na chumba. Kulikuwa na mtambo mkubwa wa rangi ya kijani iliyofifia, mabomba yaliyopanda na kushuka, ngazi yenye vidato vyembamba mno, saa za kupimia zenye mishale. Na kulikuwa na watu. Aliwahesabu: watano. Mmoja yuko kwenye ngazi, mmoja ameinamia bomba na kopo la mafuta, mmoja anasoma saa. Mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Wa tano amesimama ametupa mgongo, na kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake inaning'inia nukta nyeupe. Bwana Yaqdhan hutembea na kitambaa cheupe kwenye mfuko wa nyuma mpaka leo, hata akienda benki.

Dativa alizima tochi. Aliogopa sana, na ndani ya woga ule akaona haya, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Akaizungusha Nasra taratibu, upande wa tundu ukatazama ukuta. Sasa omo ilitazama dirisha. Akatoka.

Ijumaa asubuhi, wakati wa kutupa taka, alimsimulia Mwanakheri, Mtanga aliyefanya kazi nyumba ya jirani, ambaye alikuwa amekaa Maskati miaka tisa na hakuna janga ambalo hakuwa na mfano wake.

"Amejua?" aliuliza Mwanakheri juu ya ukuta.

"Bado."

"Basi nyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite. Jumanne ukishakaa kwenye kiti, mkanda umefunga, hapo hata wakigundua, wamegundua."

"Pasi anayo yeye. Kwenye meza ileile."

Mwanakheri alifikiri. "Sema jua. Mwezi wa sita huu, jua la hapa linayeyusha hata viatu. Dirisha lipo?"

"Lipo."

"Mungu mkubwa. Jua hilo, mwenzangu."

Dativa aliporudi ndani, mlango wa chumba cha meli ulikuwa wazi. Bwana Yaqdhan alikuwa amesimama mbele ya Nasra, mikono nyuma, akitazama omo iliyotazama dirisha. Alisimama hivyo kitambo. Kisha akatoka, akamwambia Dativa kanzu yake ina kifungo kimelegea, akaenda kuswali.

Wakati wa chakula cha mchana aliomba aongezewe achari ya ndimu. Alisema wali umekaa vizuri. Mtu anayegomba unajua ameshika wapi; huyu aliomba achari. Dativa alishaanza kupanga moyoni namna ya kumwambia Kokugonza, na kila sentensi aliyoipanga ilianza na "safari ijayo", maneno ambayo mtoto aliyajua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

Bwana Msellem alifika saa nane kasoro. Rangi ya mwisho ilikuwa imekauka, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuikagua. Dativa aliingia na sinia ya kahawa na halua, akasimama mlangoni. Bi Mahbuba naye alikuja, kwani alitaka kusikia tarehe ambayo meza ile itaachwa huru.

"Mbona inatazama dirisha?" aliuliza Bwana Msellem. "Imepotea njia?" Akazunguka upande mmoja, akasifu dohani, akasifu herufi za jina. "Haya. Imekwisha, na umri wetu nao unakwisha. Nnakuuliza kwa mara ya mwisho, yakhe. Ndani mna nini?"

Bwana Yaqdhan alishika magogo mawili, akaizungusha Nasra mpaka omo ikatazama mlango. Tundu likawa mbele yao.

"Yallah!" Bi Mahbuba alishika kifua. Alitazama tundu, akatazama chetezo kilichokuwa rafuni ukumbini, akamtazama Dativa mara moja, upesi. Kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyejali, "Jua hilo. Nshasema dirisha hili litiwe pazia."

Huo ulikuwa mlango, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Dativa alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Jua halitoboi duara," alisema Bwana Yaqdhan.

Dativa aliiweka sinia chini. Kwao walisema la kuvunda halina ubani, na hili lilikuwa limevundia kwenye ubani wenyewe.

"Ni mimi, baba," alisema. "Niliweka chetezo hapo, nikaenda kupokea simu. Ilikuwa ya mtoto. Nikaigeuza ili usione. Nisamehe baba, ila Jumanne niruhusu niende. Nikirudi unifanye utakavyo, lakini Jumanne niende."

Bwana Yaqdhan alimtazama. "Uliingia na moto ndani ya chumba cha mashine?"

"Sikujua kama kuna chumba."

"Ndo hivyo," alisema Bwana Yaqdhan. "Hakuna anayejua."

Lakini Bwana Msellem hakuwa akiwasikia. Alikuwa amevua miwani, akavaa nyingine, amechukua tochi na kuinama mpaka ndevu zikagusa plastiki. Alikaa hivyo muda mrefu hata Bi Mahbuba akamsukumia kiti. Hakukalia.

"Huyu mwenye kitambaa ni wewe," alisema kutoka mle ndani.

"Naam."

"Na huyu anayekunywa chai juu ya ndoo? Nani huyu?"

"Suud. Mpaka mafuta wa mashine. Mlikuwa meli moja miaka tisa."

"Simkumbuki."

"Alikuwa hapandi juu ila usiku, kuvuta hewa. Siku ile valvu ilipopasuka njia ya Karachi, yeye ndiye alofunga kwa mikono. Mikono ikaungua yote miwili. Nyinyi juu mliandika daftarini kwamba safari ilikuwa shwari."

Bwana Msellem aliendelea kutazama. "Mimi ndiye niloandika," alisema mwishowe.

"Nnajua. Nnaijua khati yako."

Bwana Msellem alijiinua, akakaa kwenye kile kiti, akaomba kahawa. Hakusema neno kuhusu magazeti, siku hiyo wala baadaye, na halua hakuigusa, jambo ambalo Bi Mahbuba alilitaja kwa wiki nzima.

Bwana Yaqdhan akavuta droo. Dativa aliisikia pasi yake ikisogea chini ya brashi, akafumba macho. Alipofumbua, bwana wake alikuwa ameshika tupa ndogo, analainisha kingo za lile tundu.

Jumatatu asubuhi Bwana Yaqdhan aliingia jikoni na futi ya fundi.

"Simama mlangoni. Kisigino kiguse ukuta."

Dativa akasimama. Alipimwa kimo, akapimwa mabega, akaambiwa anyooshe mkono kama mtu anayebeba kitu. Bwana Yaqdhan akaandika kwenye kikaratasi, akaondoka nacho.

"Mwenzangu," alisema Mwanakheri juu ya ukuta, na safari hii hata yeye alikuwa na huzuni, "wanaagiza mwingine. Wanataka wa kimo chako ili sare zisipotee. Nimeona Wattaya, kwa mabosi wangu wa kwanza."

Jioni ile pasi ilikuwa juu ya meza ya jikoni, na tiketi ndani yake, ya kwenda na kurudi. Dativa aliigeuza mara tatu. Alimtafuta Bwana Yaqdhan ili ashukuru, akamkuta amevaa lenzi jichoni.

"Kwani unashukuru nini?" alisema bila kugeuka. "Iliandikwa kwenye kalenda."

Kokugonza alipata kipaimara Jumapili. Askofu alichelewa saa mbili na mvua ikanyesha isiyo ya msimu, na Dativa alikuwa kwenye benchi la tatu, amelowa, analia bila kujificha. Katika picha ya safari hii mtoto alicheka mpaka pengo likaonekana. Mwezi ulikwisha upesi. Siku ya kurudi, kila hatua ya uwanja wa ndege alitazamia mtu amwambie tiketi imefutwa. Hakuna aliyemwambia. Pale Seeb, uwanja wa Maskati, akamkuta dereva, na garini kulikuwa na chupa ya maji iliyowekwa na Bi Mahbuba na kikaratasi cha kumkumbusha kwamba kesho ni Ijumaa na wageni wapo.

Sare zilikuwa palepale zilipoachwa. Hakukuwa na mwingine wa kuzivaa.

Ijumaa, saa nane kasoro, aliingia chumba cha meli na sinia. Nasra ilikuwa mahali pake, omo mlangoni. Lile tundu halikuzibwa. Lilikuwa limesawazishwa, likatiwa kioo chembamba na ukingo wa shaba, na ndani yake iliwaka taa ndogo ya manjano. Bwana Msellem alikuwa ameinama mbele yake, na alikuwa na hasira ya mtu ambaye hatimaye amepata kosa.

"Hapa umekwenda kombo, Yaqdhan. Miaka yote unatusomesha, sitii ambacho hakikuwepo, sitii ambacho hakikuwepo. Mwanamke gani alishuka chumba cha mashine cha Nasra? Nambie. Tena kabeba moto! Chumba kimejaa mafuta, nani alobeba moto mle ndani?"

Bwana Yaqdhan alikuwa akisafisha brashi kwa kile kitambaa chake cheupe. Aliimaliza kwanza, akaipanga pamoja na zenziwe.

"Yeye," alisema, akimwonyesha Dativa kwa kidevu. "Alibeba."

Dativa aliweka sinia chini, akainama kwenye kioo. Wa ngazini alikuwepo, na wa kopo la mafuta, na wa saa, na Suud na chai yake, na yule aliyetupa mgongo. Na karibu na mlango, mwenye sare ya buluu na kilemba, urefu wake kama punje mbili za mchele, amenyoosha mkono na kwenye mkono mna nukta nyekundu. Akawahesabu kama alivyowahesabu siku ile, kidole juu ya kioo, mmoja mmoja.

Walikuwa sita.